Vidonge Visivyo na Jina

Juma hili napenda tuzungumze habari ya dawa na safari za ndege. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Si kweli tena. Watu wa Morogoro siku hizi tunasafiri. Yuko anayekwenda Makka kuhiji, yuko anayepelekwa India kutibiwa, na wako vijana wetu, hasa mabinti, wanaokwenda Muscat na Dubai kutafuta kazi. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, mtu hunywa chai nyumbani kwake Kihonda, na mchana yuko Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere anapima mizigo. Safari imekuwa nyepesi. Kilichobaki kizito ni kile kimfuko cha dawa.

Hebu tutazame tunavyopewa dawa. Mgonjwa anafika dirishani, mtoaji dawa anahesabu vidonge kutoka katika kopo kubwa, anavitia ndani ya kimfuko cha plastiki au bahasha ya kaki, anaandika 1x2 kwa kalamu, anasema, "Kimoja asubuhi, kimoja jioni." Basi. Jina la dawa halipo, na mara nyingi hata la mgonjwa halipo. Hapa nyumbani hatuoni taabu, maana akirudi kliniki faili lake lipo. Lakini mbele ya afisa forodha wa nchi ya watu kimfuko kile hakisemi neno. Ni vidonge vyeupe tu, vimeviringishwa ndani ya kanga, na mwenyewe hajui Kiarabu wala Kiingereza.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Mkoa wetu una historia ndefu na ugonjwa wa kifafa. Kule Mahenge, wilayani Ulanga, Dk. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati ambapo mgonjwa alitengewa hata sahani kwa hofu kwamba mate yake yanaambukiza. Dawa iliyowarudisha wagonjwa wengi mashambani na mashuleni ni fenobabitoni. Ni ya bei nafuu, na imezoeleka mno hata hatuifikirii. Lakini fenobabitoni hiyo hiyo imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zenye kuathiri akili. Maana yake, mgonjwa wetu anaweza kufika ugenini na dawa inayohitaji kibali, na yeye hana habari.

Yuko binti mmoja wa Bigwa, pale chini ya milima ya Uluguru. Wazazi wake ni watu wa Kinole. Alipata mkataba wa kazi za ndani Muscat. Wakala aliyemtafutia kazi alimwambia vidonge vyake vya kifafa avitupe kabla ya safari, asije akaonekana mgonjwa. Mama yake akanijia kuuliza. Nilimwambia, na leo narudia hewani, kwamba ushauri ule ni wa kuua. Anayetumia fenobabitoni kwa miaka kisha akaiacha ghafla anaweza kushikwa na degedege lisilokatika, degedege juu ya degedege, na huko aendako atakuwa peke yake jikoni kwa watu.

Mama akasema, "Lakini baba, akionyesha barua ya daktari si watajua, wamnyime kazi?" Swali hilo ni zito, wala sikulipuuza. Karatasi inayomwokoa mtu kwa forodha ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumponza kwa tajiri. Rai yangu ni kwamba barua akae nayo mwenyewe, katika begi la mkononi pamoja na dawa, asimkabidhi wakala. Walirudi kliniki, wakaandikiwa barua kwa Kiingereza yenye jina kama lilivyo katika pasi, jina la dawa na dozi yake.

Barua peke yake haitoshi kila mahali. Nchi za Falme za Kiarabu hutaka mtu mwenye dawa zinazodhibitiwa aombe ruhusa ya mamlaka zao kabla ya kuondoka. Anayebadili ndege Dubai au Doha na aulize sheria za huko pia. Nchi kadhaa huruhusu dozi ya siku 30 tu. Waliokuwa wakijitetea kwamba hawakujua hawakusikilizwa. Mwaka 2017 mwanamke mmoja Mwingereza alikamatwa Hurghada, Misri, akiwa na vidonge 290 vya tramadoli, dawa ya maumivu. Akahukumiwa miaka 3 jela. Tramadoli hata hapa kwetu inadhibitiwa. Mofini na kodeini vivyo hivyo.

Wenye kisukari wao wana taabu nyingine. Insulini isiwekwe katika begi linalokwenda tumboni mwa ndege, maana huko inaweza kuganda kwa baridi, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ibebwe mkononi. Ile sheria ya vimiminiko visivyozidi mililita 100 huwa inaachia dawa, ukiwaonyesha wakaguzi cheti.

Na zile unga za mizizi anazofungasha bibi kutoka Mgeta, ndani ya chupa ya maji? Bibi ana nia njema. Ziacheni nyumbani. Hakuna daktari atakayeweza kuziandikia barua.

Anayetarajia kusafiri aanze maandalizi haya mwezi mmoja kabla, si usiku wa kuamkia safari. Ila neno langu la mwisho leo si kwa msafiri, ni kwa ndugu zangu wa dirishani. Jina la dawa mnalo, limeandikwa ubavuni mwa kopo, mnalisoma kila siku. Kuliandika juu ya bahasha kunachukua muda ule ule wa kuandika 1x2.