Kukausha Nyasi: Akiba ya Mbuzi, Sungura na Punda

Mazungumzo ya mafunzo kwa wafugaji wadogo



Nyamira hupata mvua nyingi. Nyasi humea vizuri Machi hadi Mei, kisha tena Septemba hadi Novemba. Lakini Januari ikifika, mfugaji huonekana barabarani na panga, akikata majani ya kando ya mtaro. Mbuzi hukonda, maziwa hupungua, na mara nyingi mnyama huuzwa kwa hasara kwa kuwa karo ya shule nayo imefika. Nyasi zilizoachwa zikazeeka shambani Novemba ndizo zinazotafutwa Januari.

Mwenye shamba kubwa kule Borabu anaweza kutenga sehemu ya Boma Rhodes. Mwenye robo ekari Manga au Ekerenyo apande kwenye makinga-maji, mipakani na kando ya majani chai. Boma Rhodes hukauka haraka kwa sababu shina lake ni jembamba. Matete yana shina nene, hayafai kukaushwa. Hayo yakatwekatwe na kufanywa sileji. Desmodiamu, kaliandra na marando ya viazi vitamu huongeza protini.

Wakati wa kukata ni pale nyasi zinapoanza kuchanua. Zikishatoa mbegu, shina huwa gumu na lishe imepungua. Anayekata mwishoni mwa Oktoba na kulisha nyasi hizo zikiwa mbichi hupata chipukizi la wiki 6 hadi 8, tayari kukatwa katikati ya Desemba jua likiwaka.

Nyasi zikatwe asubuhi umande ukishakauka, zitandazwe kwa safu nyembamba na kugeuzwa mara mbili kwa siku. Kwa jua zuri, siku 2 au 3 zinatosha. Kwa kuwa mvua ya alasiri hapa haipigi hodi, ni vyema kujenga kichanja cha miti na kuwa na turubai karibu. Desmodiamu na kaliandra zikaushwe kivulini, maana juani majani hupukutika na kubaki vijiti.

Kujua kama zimekauka, chukua konzi ya nyasi uisokote. Ikitoa unyevu au shina likikunjika bila kuvunjika, bado. Nyasi zilizofungwa zikiwa na unyevu hupata joto ndani, huota ukungu, na zikiwa nyingi zinaweza hata kushika moto.

Ukungu si jambo dogo. Punda na sungura hawawezi kutapika. Wakila kibaya hubaki nacho tumboni. Punda hupatwa na maumivu makali ya tumbo, na sungura anaweza kufa kwa muda mfupi. Nyasi zenye harufu ya uvundo au vumbi jeupe zitupwe kwenye mboji, hata kama zilimgharimu mtu jasho.

Kufunga, sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, lililo wazi juu na chini, hutoa bunda la takriban kilo 20. Mbuzi wa maziwa wa kilo 50 hula takriban kilo 2 za chakula kikavu kwa siku. Basi bunda moja ni siku 10, na kutoka Desemba hadi Februari anahitaji mabunda 9. Kila mfugaji ahesabu wanyama wake leo, si Januari.

Mabunda yawekwe chini ya paa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Sungura wawekewe nyasi kavu kila siku kwenye kihori kilichoinuliwa, na maji safi yasikosekane.

Mwenye swali amwone afisa wa mifugo wa wadi yake kabla ya kukata, si baada ya mvua kunyesha.