Bata Naye Alale Pakavu: Banda la Kujijengea Uani

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi kabla ya mvua za masika

 

Mazungumzo ya leo ni ya bata. Si mradi mkubwa, wala hakuna zabuni itakayotangazwa. Ni wale bata wanne, sita au kumi wanaozunguka uani, kuanzia Rabai na Kaloleni hadi Magarini, ambao mchana wana mwenyewe lakini usiku hawana pa kulala.

Katika maboma mengi bata ni mali ya mama wa nyumba, au ya kijana ambaye bado yuko shule. Ng'ombe huuzwa kwa kikao na mbuzi kwa ruhusa. Bata huuzwa asubuhi ileile mtoto aliporudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za mtihani, na hakuna anayeulizwa. Ndiyo maana bata watano wakiliwa usiku mmoja hasara hiyo haipelekwi kwa chifu, lakini Jumatatu inaonekana darasani.

Wapo wanaosema bata ni ndege wa maji, sasa mvua itamfanya nini? Ni kweli kwamba bata mkubwa hujipaka mafuta ya mwili wake kwenye manyoya na maji yakateleza. Lakini hata yeye, baada ya kuogelea, hutafuta mahali pakavu pa kulala. Na vifaranga, wakiwa bado na yale manyoya laini ya utotoni, hulowa, hupata baridi na kufa. Mfugaji akiwakuta asubuhi wamelala upande chini ya mwembe hudhani ni ugonjwa, kumbe ni mvua ya usiku mmoja.

Zaidi ya mvua kuna meno. Nguchiro wapo wanaowinda mchana na wapo wanaowinda usiku, kwa hiyo hakuna saa ya kusema wamelala. Kanu hupanda ukuta na kupenya mahali ambapo mtu hangedhani paka atapita, na akiingia bandani huweza kuua ndege kadhaa akala mmoja tu. Fungo, kenge, chatu na mbwa wa jirani wanajulikana. Kunguru wa India, ambaye kila mkazi wa mjini anamfahamu kwa kelele zake, hanyakui bata mkubwa, lakini kifaranga wa siku tatu kwake ni kitafunio.

Bata wanaofugwa sana hapa Pwani ni wale wenye ngozi nyekundu yenye manundu usoni, ambao dume lao halipigi kelele bali huhema kwa sauti kama nyoka. Asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Jike lao huruka vizuri, na likishtushwa linaweza kupanda juu ya mti. Lakini likianza kuatamia haliruki tena. Kuku hukaa juu ya mayai siku 21, bata wa aina nyingine karibu siku 28, na huyu wetu wa uso mwekundu siku 35. Ni usiku 35 akiwa ameketi chini, mahali pamoja, akinukia mayai. Mfugaji anayetaka kujua kwa nini bata wake huanguliwa wachache kila mwaka aanze kuhesabu hapo.

Sasa banda lenyewe. Mahali pa kulijenga ni pa juu kidogo, ambapo maji ya mvua hayatuami, karibu na nyumba kiasi cha mtu kusikia vurugu usiku, lakini mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko wake. Upepo pia una neno. Mvua ya masika huja na kusi, kwa hiyo ukuta wa upande wa kusini na kusini-mashariki uzibwe, na uwazi wa kupitisha hewa uelekee upande mwingine. Banda lililogeuzwa vibaya litaingiwa na mvua hata likiwa na paa la kifahari.

Bata mmoja mkubwa anahitaji kama theluthi moja ya mita mraba ya sakafu, na akipata zaidi ni heri. Banda la mita mbili kwa mita moja na nusu linawatosha bata sita, pamoja na viota viwili pembeni. Urefu usiwe wa kumfaa bata peke yake. Anayefagia ni binadamu, na banda ambalo mtu hawezi kuingia hata kwa kuinama halitafagiwa. Mita moja na nusu mbele, pungufu kidogo nyuma, zinatosha.

Nguzo za mvinje zinapatikana na ni imara, ila mchwa wa Pwani hawana heshima kwa mti wowote uliozikwa. Afadhali nguzo zisimame juu ya jiwe kuliko ndani ya udongo. Wengine hupaka oili chafu ya gari chini ya nguzo. Inasaidia kufukuza mchwa, lakini bata hudonoa kila kitu, na oili hiyo ni sumu. Kwa wale wa Mtwapa na Kilifi Kusini wanaopata mbao za paleti, watazame muhuri uliochapwa ubavuni. Alama ya HT maana yake mbao zimetibiwa kwa joto, na hizo hazina neno. Alama ya MB maana yake zimefukizwa kwa dawa kali ya kuua wadudu, na mbao hizo zisitumike kwa banda, wala kwa kuni za jikoni.

Sakafu ndiyo sehemu ya kutumia pesa, kama pesa zipo. Iinuliwe kama sentimita 20 hadi 30 kwa mawe na kifusi, ishindiliwe, kisha juu iwekwe zege jembamba lenye mteremko mdogo kuelekea mlangoni ili maji ya kuosha yatoke yenyewe. Mnyama hachimbi zege. Asiye na saruji atandaze wavu wa waya kuzunguka banda kwa nje, upana wa sentimita 30 hivi, aufukie kidogo na kuukandamiza kwa mawe. Nguchiro huanza kuchimba palepale ukutani, akikuta waya anahama, na hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili.

Kuta zijengwe sehemu mbili. Chini, hadi kiunoni mwa mtu mfupi, ziwe ngumu, za fito na udongo uliokandikwa vizuri, mawe ya matumbawe au mbao. Juu ziwe za waya ili hewa ipite. Hapa ndipo mabanda mengi yaliyojengwa kwa nia njema hukosea, kwa kuzibwa kabisa kama stoo. Kinyesi cha bata ni maji matupu, pumzi yake ina unyevu mwingi, na banda lisilo na hewa huwa jasho tupu kufikia alfajiri. Kipimo ni rahisi. Mfugaji aingie asubuhi kabla ya kufungua, apige magoti na kuvuta pumzi usawa wa kichwa cha bata. Macho yakimwasha, ya bata yamekuwa yakiwasha usiku kucha.

Kuhusu waya, ule unaouzwa kama waya wa kuku wenye matundu makubwa humzuia bata asitoke. Haumzuii mnyama asiingie. Kanu huupenya au kuupanua, na mbwa huuchana. Wavu uliochomelewa wa matundu ya nusu inchi ni ghali zaidi, lakini unahitajika kwa sehemu ya juu tu ya kuta, si banda zima. Anayepunguza gharama apunguze ukubwa wa dirisha, asipunguze ubora wa waya.

Paa la makuti lina baridi kuliko mabati, na mwezi wa Februari tofauti hiyo huonekana, kwa sababu bata hatoki jasho, hupumua mdomo wazi tu. Lakini makuti hukaliwa na panya, na panya humwalika nyoka. Wavu ule ule utandazwe chini ya makuti kabla hayajafungwa. Mwenye mabati ayaweke, na juu yake alaze makuti makuukuu. Ukingo wa paa utoke nje kama nusu mita ili mvua isirushwe ndani.

Mlango uwe mpana. Kuku hutoka mmoja mmoja, bata hutoka wote kwa pamoja kama abiria wa matatu, na mlango mwembamba huwaumiza miguu. Miguu ya bata ni dhaifu kuliko mwili wake. Kwa sababu hiyo asibebwe kwa kushikwa miguu kama kuku wa sokoni, na pasiwe na ngazi. Kama sakafu imeinuka, ubao wenye mteremko wa polepole, uliopigiliwa vijiti ili asiteleze, unatosha. Komeo liwe la kusukuma na kupinda, si kamba. Hata hivyo lisiwe la kusumbua gizani, kwani usiku siafu wakivamia msaada pekee ni kufungua mlango haraka na kuwatoa bata wote.

Ndani hakuhitajiki mengi. Matandiko ya maranda ya mbao, pumba za mpunga au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, unene wa kiganja, yawe makavu na yasiwe na ukungu. Sehemu iliyolowa itolewe kila siku mbili tatu, na matandiko yakioza vizuri ni mbolea ya mchicha. Viota viwe vya sanduku la sentimita 40 kila upande, kwenye kona yenye giza, na kila kiota kinatosha majike manne, ila anayeatamia atengewe chake. Vyombo vya maji vibaki nje. Bata akila lazima awe na maji ya kusukumia chakula na kusafishia pua, kwa hiyo chakula nacho kibaki nje. Wakubwa hawadhuriki kukosa vyote usiku mmoja. Vifaranga wasiwekewe chakula kamwe bila maji kando yao.

Wala haihitajiki bwawa. Beseni la kina cha kuzamisha kichwa kizima linatosha kumsafisha macho na pua. Limwagwe na kujazwa upya kila siku, maana maji yaliyokaa uani wiki nzima huzaa mbu, na kaunti za Pwani hazihitaji mbu zaidi.

Jambo moja la chakula liguswe hapa kwa sababu linahusu hewa ileile ya unyevu. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo familia imekataa kuyasaga, mara nyingi humwagiwa bata. Vifaranga vya bata ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumu ya ukungu huo, aflatoksini. Mahindi hayo hayamfai mtu wala ndege.

Bata na kuku wasilale banda moja. Bata hulowesha kila mahali, na kuku huugua kwenye unyevu. Zaidi ya hayo, bata anaweza kubeba virusi vya Newcastle, yaani kideri, bila kuonyesha dalili yoyote, na kuku wa banda hilo wakafa wote. Mwenye nyumba hulaumu jirani, hulaumu husuda, na bata aliyeleta anatembea tu. Kuku wachanjwe hata kama bata wanaonekana wazima.

Na bata wasilale jikoni. Desturi hiyo inaeleweka, kwani jikoni kuna mlango na kuna joto. Lakini ndipo mtoto anapotambaa, ndipo sufuria inapowekwa chini. Kinyesi cha bata hubeba vijidudu vya kuharisha. Anayeokota mayai anawe mikono kwa sabuni, na yai la bata lipikwe mpaka kiini kigande.

Kwa wakazi wa kandokando ya Mto Sabaki, banda la kudumu bondeni ni kuuza bata kwa mto. Waliohamishwa na maji ya El Niño mwishoni mwa 2023, na tena mafuriko ya 2024, wanajua jinsi maji yanavyopanda usiku. Huko banda lijengwe jepesi, la fito na waya, la kubebwa na watu wanne, na matenga mawili ya kuwabebea bata yaning'inizwe palepale mlangoni.

Huduma za mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni kazi ya serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010. Afisa wa mifugo wa wadi anaweza kuitwa kutazama banda au mahali pa kulijenga. Bata au kuku wakifa ghafla kwa wingi, wasiliwe, wasiuzwe na wasitupwe mtoni. Afisa aarifiwe siku hiyohiyo, na mizoga ikae imefunikwa, mbali na watoto, mpaka afike.

Makuti husukwa na kukauka vizuri kiangazi, Januari na Februari, na kifusi hushindilika vizuri kabla ardhi haijalowa. Anayeanza sasa atakuwa amefunga mlango kabla ya Aprili. Anayengoja mvua ianguke atashindilia tope, na bata watalala jikoni mpaka Julai.