Mwendo wa Mashine ya Kukereza
(Mazungumzo na mafundi seremala wa Maswa)



Leo tunazungumza juu ya jambo moja tu: mwendo wa mashine ya kukereza mbao. Vipo vikundi vilivyojiundia mashine kwa chuma cha pembe, mota moja na mkanda mmoja. Mashine hiyo inakereza miguu ya vitanda bila taabu. Lakini siku mteja anapotaka bakuli kubwa au kigoda, mashine inatetemeka mpaka inahama mahali pake. Fundi anaogopa, mteja anaondoka, fedha inakwenda Mwanza.

Kosa si la fundi. Mashine ina mwendo mmoja tu.

Vile vitanda vya zamani vya Lamu na Unguja, vyenye miguu ya kukerezwa, vilitengenezwa kabla ya umeme. Fundi alipotaka polepole, aliendesha polepole. Mota haijui hivyo. Someni kibati kilichopigiliwa juu ya mota yenu. Mota nyingi zimeandikwa namba kama 1440. Maana yake inazunguka mara 1,440 kwa dakika moja, na wewe huwezi kuibembeleza.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu tulijifunza ili itumike. Chukua mguu wa kitanda wenye upana wa sentimeta 5. Ukizunguka mara 1,440 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kama baiskeli, karibu kilometa 14 kwa saa. Chukua gogo la bakuli lenye upana wa sentimeta 30, kwa mota ile ile. Ukingo wake unakwenda kilometa 81 kwa saa! Hilo ni basi la barabara kuu. Kama gogo lina ufa, au limefungwa vibaya, likichomoka linakupiga usoni kwa mwendo wa basi. Mnaona sasa kwa nini tumekuja?

Dawa ya kwanza ni puli za ngazi, na ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Puli moja inakaa kwenye mota, nyingine kwenye mashine. Kila moja ina ngazi nne. Kanuni ni hii: chukua mwendo wa mota, zidisha kwa upana wa puli ya mota, halafu gawanya kwa upana wa puli ya mashine.

Tuseme ngazi za puli ya mota ni sentimeta 5, 8, 10 na 12. Za mashine, zikitazamana nazo, ni 15, 12, 10 na 8. Ngazi ya kwanza: 1,440 mara 5, gawanya kwa 15, unapata 480. Ya pili inakupa 960. Ya tatu ni 1,440 ile ile. Ya nne ni 2,160. Basi, mashine moja imekuwa mashine nne. Lile gogo la bakuli, kwenye ngazi ya 480, ukingo wake unakwenda kilometa 27 tu kwa saa.

Jumlisheni ngazi zinazotazamana: 5 na 15 ni 20, 8 na 12 ni 20, zote 20. Tumefanya hivyo makusudi, ili mkanda mmoja ufae ngazi zote. Tofauti ndogo inayobaki mtaimaliza kwa kuifunga mota juu ya ubao wenye bawaba. Uzito wa mota wenyewe utavuta mkanda ukaze.

Puli za chuma zikikushinda bei, kereza puli za mbao ngumu iliyokauka vizuri, kama mninga. Fundi wa kukereza anunue puli za mbao kwa nini, jamani?

Dawa ya pili ni ya kisasa. Kipo chombo cha umeme chenye kitufe cha kuzungusha, na mwendo unapanda na kushuka wakati mashine inafanya kazi. Kinapokea umeme wa njia moja, ule wa nyumbani, na kuutoa kama umeme wa njia tatu. Kwa hiyo lazima mota iwe ya njia tatu, na iwe inaweza kuungwa kwa volti 230. Ile mota yenu ya njia moja haifai. Na hapa sikilizeni sana: asije mtu akawadanganya mfunge kidhibiti cha feni ya darini kwenye mota ya njia moja. Itapungua nguvu, itachemka, na mwisho itaungua.

Chombo hicho kifungwe na fundi umeme anayekijua. Kiwekwe mbali na unga wa mbao. Hata ukikizima, umeme unabaki ndani kwa dakika kadhaa, usikifungue haraka. Tena msitupe puli. Mkanda ukipunguza mwendo unaongeza nguvu ya kuzungusha, lakini chombo kikipunguza mwendo hakiongezi nguvu hiyo. Ukiendesha mota polepole kwa muda mrefu, feni yake nayo inazunguka polepole, na mota inapata joto. Kwa maoni yetu, kikundi chenye fedha kidogo kianze na puli.

Mkishabadili mashine, kila kazi mpya ianze na ngazi ya chini. Kabla ya kuhamisha mkanda, chomoa umeme kabisa; kuzima swichi tu hakutoshi. Gogo la pembe nne lichongwe pembe zake kwa tezo kwanza. Lizungushe kwa mkono uone haligusi chuma cha kuegemeza patasi. Unapowasha, simama pembeni, usikae mbele ya gogo. Vaa miwani. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, na kina mama wafunge ncha za khanga na vitenge. Mkanda na puli vifunikwe kwa sanduku la mbao, maana watoto hawakosekani karanani.

Haya, toeni futi zenu. Tuanze na mashine hii iliyo karibu na mlango: puli ya mota ina upana gani?