Karatasi ya Alama na Dhamana

Leo tuzungumzie dhamana. Mfano wetu uko Marekani, jimbo la New Jersey.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliokuwa mahabusu jimboni humo, 12 walikuwa ndani kwa sababu tu hawakuwa na dola 2,500 au pungufu za kulipia dhamana. Mwenye fedha, hata awe jambazi sugu, alilipa akaenda zake. Novemba 2014 wapiga kura walikubali katiba ya jimbo ibadilishwe, na tangu Januari 2017 dhamana ya fedha imekuwa jambo la nadra mahakamani.

Sasa hakimu huletewa karatasi ya alama. Inatazama mambo tisa, yakiwemo umri wa mshitakiwa, kesi nyingine inayomkabili, hukumu na vifungo vya zamani, na kama aliwahi kukosa kufika mahakamani. Hupewa alama 1 hadi 6 kwa uwezekano wa kutofika, na nyingine 1 hadi 6 kwa uwezekano wa kutenda kosa jipya. Hakimu halazimiki kuzifuata.

Matokeo yake si haba. Mwishoni mwa 2015 waliosubiri kesi rumande walikuwa karibu 9,000. Mwishoni mwa 2018 walibaki kama 5,000. Anayetaka kurudi kwenye fedha ajibu hilo kwanza.

Ninachogombana nacho ni hicho kipengele cha kutofika. Karatasi haiulizi kwa nini. Aliyekimbilia jimbo jingine na mama aliyekosa basi, au aliyekosa wa kumwachia mtoto, wote wanaandikwa vilevile: hakufika. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la New York, kwa watu walioitwa mahakamani kwa makosa madogo. Waliotumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha tarehe, kutofika kwao kulipungua kwa asilimia 21. Ujumbe wa simu, basi! Mtoro gani huyo anayerudishwa na maneno machache kwenye simu? Wengi, naona, walikuwa wamesahau tu.

Lakini ile siku moja aliyokosa mtu inaingia kwenye alama zake. Ikipita miaka miwili inapunguziwa uzito; haifutwi. Ndiyo maana hakimu mwenye karatasi hiyo mkononi bado anapaswa kumtazama mshitakiwa na kumuuliza: siku ile ulikuwa wapi?