Okidi Nyingi Hufa Julai kwa Maji, Si kwa Baridi



Msimu wa baridi umeingia. Kuanzia sasa hadi mwisho wa Agosti jua litaonekana kwa nadra, ukungu utakawia kuondoka asubuhi, na usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Wakati huu ndio wakulima wa okidi hupata hasara kubwa zaidi, na si hasara ya kufidiwa msimu ujao: mche wa okidi huchukua miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuchanua mara ya kwanza.

Lawama yote hutupiwa baridi. Lakini mmea uliokufa Julai ukitolewa chunguni, mara nyingi mizizi yake hupatikana imegeuka ya kahawia, laini, imeoza. Uliouua ni mkebe wa kumwagilia. Okidi nyingi za kivungulio zina asili ya kumea juu ya miti, mizizi ikipigwa na hewa. Chungu kinachokauka kwa siku chache mwezi wa Januari huweza kukaa na unyevu wiki nzima au zaidi mwezi wa Julai. Mkulima anayefuata ratiba ileile huwa anauzamisha mmea wake kidogo kidogo.

Basi chungu kiinuliwe kwanza. Kikiwa kizito, kiachwe. Mizizi nayo husema: ikiwa ya kijani bado ina maji, ikiwa ya rangi ya fedha ina kiu. Maji yatolewe asubuhi ili majani yakauke kabla ya jioni, na yasiwe yaliyotoka moja kwa moja kwenye tangi lililolala nje. Yakae ndani ya kivungulio tangu jana yake. Kwa Phalaenopsis, ile okidi ya majani mapana, maji yaliyotuama katikati ya majani yapanguswe kwa kitambaa. Yakilala humo usiku wa baridi, moyo wa mmea huoza.

Vitabu vingi vya okidi viliandikwa Ulaya, na vinaagiza maji yapunguzwe Desemba hadi Februari. Hapa Limuru Januari na Februari ni miezi ya jua kali. Anayefuata kalenda hiyo huikausha mimea wakati wa joto na kuilowesha wakati wa baridi. Tena Ulaya mchana wa majira ya baridi ni mfupi, ilhali hapa, karibu na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima. Kinachopunguza mwanga ni mawingu. Dawa yake haina gharama: neti ya kivuli iondolewe Juni na nailoni ioshwe vumbi.

Si okidi zote zinazoogopa baridi. Phalaenopsis huteseka usiku ukishuka chini ya nyuzi 16 hivi. Cymbidium huvumilia hadi karibu nyuzi 10, na usiku wa baridi ndio huisaidia kutoa vikonyo vya maua. Kuzibana zote kwenye kona yenye joto ni kuinyima Cymbidium maua. Kipima joto kiwekwe kwenye kimo cha mimea, si mlangoni.

Kivungulio kisifungwe kutwa nzima. Hewa ikituama, matone hudondoka kutoka kwenye nailoni na kuvu huacha madoa kwenye maua. Ukungu ukiondoka, mapazia ya pembeni yafunguliwe. Yafungwe kama saa tisa alasiri, joto lingali ndani. Madramu yaliyopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji hunasa joto la mchana na kulitoa usiku.

Jiko la makaa lisiingizwe kabisa. Moshi wa makaa una gesi ya ethilini, ambayo huangusha vitumba vya okidi kabla havijafunguka, kwa hivyo anayewasha jiko kuokoa maua huenda akayapoteza yote. Lakini maua ni jambo dogo. Makaa hutoa pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na kivungulio kilichofungwa ni sawa na chumba kilichofungwa. Anayeingia usiku kuangalia jiko anaweza kuzirai na asitoke. Vijana wa kazi waambiwe hivyo waziwazi, maana wao ndio hutumwa.

Mmea ulioanza kuoza utengwe siku hiyohiyo. Mizizi laini ikatwe kwa kisu kilichopitishwa motoni, migumu ibaki, kisha upandwe kwenye magome makavu na kunyimwa maji kwa siku chache. Mbolea isubiri mpaka mzizi mpya uonekane.