Nani Amfundishe Mhadhiri Kufundisha?

Msikilizaji, mwalimu wa shule ya msingi husomea ualimu kabla ya kushika chaki. Mhadhiri wa chuo kikuu huajiriwa zaidi kwa shahada na ufaulu wake. Hilo lakuhusu nini? Ada yako na mkopo wa mwanao ndivyo vinavyolipia ufundishaji huo. Mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, unagharamia pia mafunzo ya wahadhiri Tanzania. Kwa upande mmoja, uzamivu pekee haumfanyi mtu mwalimu. Kwa upande wa pili, wahadhiri wanakabili madarasa yaliyofurika, na machapisho ndiyo zaidi huwapandisha vyeo. Sasa basi, ufundishaji mzuri usipohesabiwa vya kutosha katika vyeo, nani atajibidiisha kujifunza kufundisha?