Mali bila daftari

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa vijiji vya Geita na Shinyanga)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbegu za pamba wala chanjo ya ng'ombe. Hayo ni muhimu, tutayarudia. Leo tunazungumza juu ya ukurasa wa sanaa wa gazeti letu. Wengi mmetuuliza: "Walimu, huo ukurasa wa kazi gani? Ngoma tunacheza wenyewe, hadithi tunazo. Ya nini kuziandika?" Swali ni zuri. Tulijibu kwa jambo lililotupata sisi wenyewe.

Palikuwa na mzee mmoja, manju wa ngoma, katika kijiji kimoja cha upande wa Kahama. Tulimwahidi kwamba tutakwenda kumhoji. Mwezi wa kwanza mvua iliharibu njia. Mwezi wa pili tukawa na semina. Mwezi wa tatu tukawa tunakagua madarasa. Tulipofika na daftari letu, tuliwakuta watu wamekaa matanga. Tukakaa nao. Kosa lilikuwa letu, siyo la mvua.

Jioni akatujia mama mmoja, mhitimu wa darasa letu, ambaye kazi yake ni kuosha mchanga wa dhahabu mwaloni. Alishika daftari lililoliwa pembe na maji. Ndani mlikuwa na nyimbo 11 za yule mzee, zimeandikwa kwa penseli. Herufi zimepinda, "r" na "l" zimebadilishana mahali, lakini zote zinasomeka. Tukamwuliza, nani alikutuma? Akasema hakutumwa na mtu. Aliogopa kusahau kuandika, na nyumbani hakuwa na kitu cha kunakili, basi akawa anaandika alichokisikia.

Siku ile walimu tulikuwa sisi, lakini aliyefundisha alikuwa yeye. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Huku kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Duara likiisha dhahabu, watu wanahama. Leo wako Nyarugusu, kesho wako Rwamgasa. Wakitawanyika, na nyimbo zinatawanyika.

Jambo hili si geni katika kanda yetu. Mwaka 1968 Serikali na UNESCO walianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa Victoria, na Shinyanga ikiwamo. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi. Kisha ikaonekana kwamba anayejua kusoma bila kuwa na cha kusoma husahau upesi. Ndiyo maana likatolewa Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Kisomo ni kama jembe: lisipolima, linashika kutu.

Haya basi, ukurasa wa sanaa una mambo manne.

La kwanza ni picha. Kinyago, kibuyu chenye nakshi, ukuta uliochorwa, vyote ni sanaa. Kule Bujora, karibu na Kisesa, iko makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padre David Clement, na jengo mojawapo lina umbo la kiti cha mtemi. Hapa Geita walikuwako Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Ukichora kitu, andika chini yake jina lake, kazi yake, na nani alikitengeneza.

La pili ni mahojiano. Omba ruhusa kwanza. Usiulize swali la kujibiwa "ndiyo" tu. Uliza: nani alikufundisha? Wimbo huu uliutunga kwa sababu gani? Andika kwa lugha yake, Kisukuma, Kisumbwa au Kizinza, halafu ueleze kwa Kiswahili. Ukimaliza, msomee, akusahihishe.

La tatu ni uhakiki wa vitabu. Neno hilo lisiwatishe. Maana yake ni kusoma kitabu, halafu kuwaambia wenzio kinasema nini, kizuri kwa lipi, na kimepungukiwa na nini. Anzeni na kitabu cha jirani yetu wa Ukerewe, Mzee Aniceti Kitereza, kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kinasimulia mume na mke waliotamani mtoto, na ndani yake zimo desturi za kilimo, dawa, ugeni na ndoa. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Ni miaka 35 ya kungoja! Yeye alifariki mwaka 1981. Lakini kwa kuwa alikuwa ameandika, kazi yake haikuzikwa naye.

La nne ni matukio. Bulabo ya mwezi wa sita kule Bujora, mashindano ya Bagika na Bagalu, harusi, sherehe ya kumaliza kisomo. Andika siku, mahali, nani alicheza, nani alishinda. Andika pia lililoharibika, maana gazeti la sifa tupu halisomwi mara mbili.

Mtu atasema, mwandiko wangu mbaya. Ndugu, mwandiko mbaya tutaunyoosha. Wimbo ambao haukuandikwa, mwenyewe akishaondoka, hatuna pa kuunyooshea.

Tunaomba kila darasa lichague mzee mmoja mwezi huu. Mwende wawili wawili, na daftari na penseli. Sisi tumeanza: zile nyimbo 11 tutazichapa moja moja, kwa idhini ya wafiwa, na jina la mama aliyeziandika litakuwa chini ya kila wimbo ikiwa mwenyewe ataridhia.

Msingoje mvua ikatike. Nendeni.